Muulize Fundi: Jukwaa la chuma linasimamaje katikati ya bahari?

Haya jamani, toleo lililopita niligusia kidogo tu, kwamba kabla sijarudi Tanga nilikaa miaka 11 Uarabuni kwenye yadi ya kuunda majukwaa ya mafuta, yale ya chuma yanayosimamishwa kwenye sakafu ya bahari, basi tangu siku hiyo simu haipumziki. Maswali ni mengi kuliko nafasi, nimechagua haya ya leo, na waliouliza mishahara ya kule naomba mniwie radhi, hiyo kila mtu na mkataba wake.

Mwanangu yuko Abu Dhabi, juzi kanipigia video kolu akanionyesha lidude la chuma limelala ubavu uwanjani, refu halina mwisho, eti ndio linakwenda kusimamishwa baharini. Nikamwambia wacha kunifanya mtoto, nani anajenga nyumba ikiwa imelala? Hebu tuamulie. (Mama, Kisauni, Mombasa)

Shikamoo mama. Mwanao hajakudanganya hata kidogo. Hilo lililolala sisi tunaliita jaketi, ndio miguu ya jukwaa, nyumba yenyewe ya juu yenye mitambo na vyumba vya kulala inajengwa pembeni peke yake inakuja kupachikwa baadaye kabisa. Sasa jaketi likiwa la maji mafupi unaweza kuliunda limesimama, na kwenye Ghuba ya Uarabuni yapo mengi ya hivyo kwa sababu bahari ile yenyewe ni kama mita 35 tu kwa wastani, kreni ya melini inalibeba inaliweka basi. Lakini likiwa la mita 100 au 150 ukilijenga limesimama utalitoaje hapo yadini? Kwa hiyo tunaunda ubavu mmoja mmoja chini, bapa kabisa kama mtu anasuka mkeka, halafu siku ikifika kreni nane au kumi zinashika ubavu mmoja zinauinua zote pamoja mpaka usimame, zinaushikilia hivyo hivyo masaa na masaa huku mafundi wanapanda kuchomelea vya kuushikia. Siku hiyo hata wapishi wa kambi wanatoka nje kutazama.

Likiisha linasukumwa polepole juu ya reli zilizopakwa grisi, linaingia kwenye tishari, na hapa ndipo mimi usiku wangu wa kwanza nilikosa usingizi, maana chuma cha tani elfu na elfu kinahama kutoka nchi kavu kwenda kwenye kitu kinachoelea, na kila mita kinapoingia tishari linataka kuzama upande ule, basi mapampu yanahamisha maji ndani ya tishari dakika kwa dakika, na bahari nayo inajaa na kupwa haikungoji. Tishari likifika sentimita chache juu au chini ya gati bosi anapiga filimbi, kazi inasimama.

Baharini tishari linainamishwa makusudi kwa kujazwa maji upande wa nyuma, jaketi linateleza lenyewe, paaa! linaingia majini. Halizami, kwa sababu miguu yake ni mabomba yaliyozibwa, ndani hewa tupu. Kisha vinafunguliwa vali, maji yanaingia kwenye ncha ya chini kidogo kidogo na linajisimamisha lenyewe kama chupa unayoitia maji beseni. Kubwa kuliko yote ya aina hii linaitwa Bullwinkle, kampuni ya Shell ndiyo iliyolijenga, liliundwa Ingleside kule Texas na likawekwa Ghuba ya Meksiko mwaka 1988, kwenye maji ya mita 412. Toka chini hadi ncha ya juu ni mita 529, yaani Britam Tower ya Nairobi mbili na nusu na chenji inabaki. Na lenyewe lilijengwa limelala, likabebwa na tishari moja, zima zima. Mwambie kijana asamehewe.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita Mbeya. Mbona mawimbi hayaliangushi? Mimi naona wangeweka tu miguu minene zaidi na chuma kingi zaidi, kwa nini wanaacha matundu matundu kama mnara wa simu?

Swali zuri na umekosea vizuri, maana hata mimi nilidhani hivyo. Ukifanya mguu mnene wimbi nalo linapata pa kusukumia. Wewe umekulia bara pengine hujaona wando, ule uzio wa fito wa kutegea samaki, maji yanapita katikati yake yanaondoka zake, ndio maana unadumu pale ambapo ukuta ungeshalala. Jaketi ni wando wa chuma, mabomba membamba kiasi yaliyoungwa kwa mishazari, wimbi linapita.

Lakini nguvu ya wimbi moja sio habari yenyewe. Habari yenyewe ni mdundo. Muulize dada yeyote aliyewahi kuchota maji mbali, ndoo kichwani, ukitembea mwendo fulani maji yanaanza kucheza yanapanda yanamwagika, na ndoo ni ileile na maji ni yaleyale, ukibadili hatua tu yanatulia. Kila kitu kina mwendo wake wa kuyumba. Jukwaa nalo ukilisukuma linayumba kwenda na kurudi, la kawaida sekunde moja mpaka tatu hivi. Mawimbi makubwa ya dhoruba yanakuja moja kila sekunde 10 mpaka 15 hivi. Hayakutani, salama. Sasa kadiri unavyorefusha jaketi ndivyo linavyoyumba taratibu zaidi, ukifika mita 400 za maji limeshasogelea sekunde nne tano, na mawimbi madogo madogo ya kila siku ya mwendo huo yapo mengi, hapo ili kulikaza inabidi uongeze chuma mpaka hesabu ya pesa inagoma. Ndio maana baada ya Bullwinkle hakuna aliyejaribu jaketi la kawaida la kina zaidi.

Njia nyingine ndiyo ninayoipenda mimi, wahandisi wakageuza akili, wakasema badala ya kulikaza liyumbe haraka kuliko mawimbi, tuliache liyumbe polepole kuliko mawimbi. Wakatengeneza minara myembamba inayopinda kama mnazi, mwendo wake unazidi sekunde 20, dhoruba inapita haijaupata mdundo. Petronius, Ghuba ya Meksiko hiyo hiyo, mita 535 za maji, ilianza kazi mwaka 2000.

Halafu kuna suala la urefu wa sakafu ya juu. Miguu inavumilia, ila wimbi likigonga sakafu yenyewe, ile ni ukuta, hakuna pa kupita. Kwa hiyo mhandisi anakadiria wimbi ambalo kwa wastani linakuja mara moja katika miaka 100, anaweka sakafu juu yake na nafasi ya ziada. Tarehe 1 Januari 1995, jukwaa la Draupner huko Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, kulikuwa na kipimo cha leza kimeelekezwa chini kikipima maji, katikati ya dhoruba ya mawimbi ya mita 12 kikaandika wimbi moja la mita 25.6. Mabaharia walikuwa wakisimulia mawimbi ya namna hiyo miaka nenda rudi, wasomi wanacheka chini chini, siku ile chombo kikaandika wakanyamaza. Na jukwaa lenyewe lilibaki pale pale, uharibifu ulikuwa mdogo. Ila vimbunga vya Katrina na Rita mwaka 2005 viliangamiza majukwaa 113 kule Marekani, mengi ya zamani, yaliyojengwa sakafu chini chini enzi watu hawajajua kukadiria.

Broo mi ni welda, nimetoka Likoni nina miezi minne kwenye yadi ya huku Uarabuni. Nilichomelea kiungio siku nzima, kimelala kisafi mpaka wenzangu wakapiga picha. Baada ya siku mbili wamekuja wakaguzi wamepita na mashine, wamekata wamesema rudia. Hawanipendi au ni nini?

Pole kaka, wanakupenda, hebu tulia nikueleze na hili nitalieleza kirefu kwa sababu ndio roho ya kazi yote, mengine ni mbwembwe.

Kwanza kwa nini siku mbili. Chuma kinene kikichomelewa na vijiti vya kuchomelea vyenye unyevu, ule unyevu unaachia haidrojeni inaingia ndani ya chuma cha moto, kikipoa haijatoka, inabaki inasukuma ndani kwa ndani, na ufa unaweza kutokea kesho au keshokutwa wakati wewe umeshalala. Ndio maana wanasubiri saa 48 ndipo wanapima. Na ndio maana vile vijiti vya aina ya 7018 mnapewa kutoka kwenye oveni na vinakaa kwenye kikopo cha moto kiunoni, sio uchawi wala sio madaha ya Wazungu. Huku kwetu tumezoea kijiti kimekaa dukani mwaka mzima karibu na gunia la chumvi, geti linashika, tunashukuru Mungu. Geti halipigwi na mawimbi.

Pili wanaona nini ambacho wewe hukioni. Ile mashine ni altrasaundi, ndugu yake na ile ya kina mama wajawazito, inatuma sauti ndani ya chuma na inarudi ikikuta tundu au sehemu haikuungana. Uzuri wa juu ni sura tu. Kiungio cha jaketi, bomba linapokutana na bomba kwa mshazari, pembe nyingine ni finyu hata kijiti hakiingii vizuri, kule kwenye mzizi ndiko kosa linakojificha.

Tatu, na hili shika. Umewaona mafundi nondo wakikata waya wa kufungia? Hatafuti koleo, anaukunja huku na huku mara kumi, tap, umekatika. Hakuna hata mara moja alitumia nguvu ya kuukata. Jaketi linakunjwa kidogo sana, kidogo usichoweza kukiona, na kila wimbi, na mawimbi ukihesabu moja kila sekunde saba hivi kwa mwaka mmoja yanapita milioni 4, na jukwaa linatakiwa likae miaka 25. Chuma kinachoka. Na kinachokea wapi? Siyo katikati ya bomba, ni pale pale kwenye mshono wako, kwenye ukingo wa mchomeleo ambapo nguvu zote zinabanana. Ndio maana viungio vikubwa vinasagwa na grenda mpaka ukingo uwe laini, hakuna kona ya ufa kuanzia.

Nikupe mfano ambao kila welda wa baharini anafundishwa. Tarehe 27 Machi 1980, Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Norwei lililokuwa linatumika kama bweni la wafanyakazi, Alexander L. Kielland. Hili halikuwa jaketi, lilikuwa la kuelea lenye miguu mitano, lakini chuma ni chuma. Watu 212 walikuwa ndani, jioni wengine wako kantini wengine kwenye ukumbi wa sinema. Bomba moja la mshazari likakatika, mengine yaliyoshika mguu ule yakafuata, mguu mzima ukaondoka, jukwaa likainama, baada ya kama robo saa likapinduka. Walikufa 123. Wachunguzi walipolirudia lile bomba wakakuta ufa ulianzia kwenye mchomeleo mdogo wa milimita 6, wa kushikia kitako cha kifaa cha kusikilizia sauti majini. Kitako! Kitu ambacho hakibebi chochote, ambacho nina hakika aliyekichomelea alidhani anamalizia kazi ndogo ndogo kabla ya chai. Na ndani ya ufa walikuta rangi, yaani lilipopakwa rangi yadini, ufa ulikuwa tayari umo.

Mimi pale yadini niliwahi kuwekewa alama ya chaki nyekundu mara tatu kwenye kiungio kimoja, mara ya tatu nikalia kabisa, si mzaha, msimamizi wangu Mfilipino alinipa maji akaniambia nenda kalale urudi kesho. Kwa hiyo rudia kaka. Na ukitaka wakuheshimu ule uwanja tafuta kufaulu jaribio la 6GR, lile la bomba limeinamishwa na limewekewa pete ya kukubania, ndio cheti cha viungio vya jaketi, wenye nacho hawahangaiki na kazi. Na saa sita na nusu mchana za kiangazi mpaka saa tisa toka juani, hiyo huko Emirati ni sheria kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, asikudanganye mtu.

Chuma na maji chumvi wapi na wapi? Mabati yangu yamekaa miaka mitatu yameoza na mimi niko mita 200 kutoka ufukweni. (Fundi mashine za boti, Malindi, Unguja)

Wewe jibu unalo mkononi kila siku. Kile kipande cha zinki kwenye mashine ya boti, kinacholika unakibadilisha, ndicho hicho hicho. Jaketi linachomelewa vipande vikubwa vya aloi ya alumini mamia na mamia, kimoja kinaweza kuzidi uzito wa watu wawili watatu, bahari inavila hivyo inaacha chuma. Chini ya maji jaketi linakaa miaka mingi zima kabisa, wazamiaji na roboti wanashuka kukagua tu. Tatizo ni pale katikati panapolowa na kukauka, kama mkanda wa mita chache, hapo oksijeni tele, chumvi tele, na vile vipande havifanyi kazi kwa sababu vinahitaji kuzama. Hapo inabidi rangi nzito na unene wa chuma wa ziada wa kuliwa. Na kome na chaza wanaogandia pia ni hesabu, wananenepesha bomba, wimbi linapata pa kusukumia, tumerudi kulekule kwa mwanafunzi wa Mbeya. Kwa hilo nyie wa majahazi wajanja, mnapandisha chombo ufukweni mnakichoma na kukipaka, sisi jukwaa tutalipandisha wapi?

Je, chini pakititia? (Kampala)

Imewahi kutokea. Ekofisk, Norwei, mafuta yalitolewa kwenye mwamba wa chokaa ukabonyea, sakafu ya bahari ikashuka na majukwaa yakashuka nayo, wakaona mawimbi yanaisogelea sakafu ya juu. Mwaka 1987 wakakata miguu, wakainua majukwaa kwa jeki za haidroliki, wakaunga vipande vya mita 6. Mimi nikisoma hiyo habari bado nasimama wima. Kwa kawaida lakini jaketi halikai tu juu ya tope, nguzo za bomba zinapigiliwa kwa nyundo mita 50, 80, hata 100 ndani ya ardhi, halafu nafasi kati ya nguzo na mguu inajazwa uji wa saruji. Lile la Draupner halina hata nguzo, limekaa juu ya ndoo kubwa zilizofudikizwa, maji yakavutwa nje kwa pampu zikajinyonya zenyewe ardhini.

Sisi wavuvi wa Kilwa tunasikia gesi ipo baharini kwetu nyingi mno. Mbona hatuoni majukwaa? Na yakija tutaruhusiwa kuvua karibu, maana nasikia samaki wanapenda sana pale?

Mzee wangu, rudi kwenye ile mita 412 ya Bullwinkle. Gesi iliyogunduliwa kule mbali mbele ya Lindi na Mtwara, kama Zafarani ya mwaka 2012, maji yake yanazidi mita 2,000. Huko hakuna jaketi linalosimama, hata mnara wa kuyumba kama mnazi haufiki nusu. Visima vya kina hicho vinafungwa vali zake chini kwenye sakafu yenyewe, roboti ndio fundi, na gesi inakuja kwa bomba mpaka nchi kavu au inapokelewa na meli kubwa. Majirani zetu Msumbiji wamefuata njia ya meli, Coral Sul, iliundwa Korea Kusini ikafika mwanzoni mwa 2022 na Novemba mwaka ule ule shehena ya kwanza ya gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji ikaondoka. Kwa hiyo usitegemee kuona msitu wa chuma ukisimama mbele ya Kilwa kama kule Ghuba ya Uarabuni. Gesi ya Songo Songo hapo jirani yako ndio rahisi, iko kisiwani na kwenye maji mafupi, inakwenda Dar kwa bomba tangu 2004.

Samaki kweli wanapenda. Jaketi ni mwamba uliopandwa, kome wanagandia, vidogo vinakuja kula kome, vikubwa vinakuja kula vidogo. Ila jukwaa likiwa kazini sheria za bahari zinaruhusu nchi kuzuia vyombo mita 500 kulizunguka, na nchi nyingi zinazuia kweli. Kule Louisiana wao wamelegeza, wavuvi wa mishipi wanafunga boti kwenye mguu wa jukwaa wanavua changu wekundu, na katika Ghuba ya Meksiko upande wa Marekani majukwaa yaliyoisha kazi zaidi ya 500 yameachwa majini makusudi yawe matumbawe. Wazungu wa Ulaya wamekataa, tangu 1998 wamekubaliana jukwaa likiisha kazi liondolewe, wameyasamehe machache tu mazito kupita kiasi. Mimi ningekuwa na sauti ningeuliza wavuvi kwanza.